Cheti, Ithibati na Kihatarishi: Uhakiki wa Istilahi za Usalama na Afya Mahali pa Kazi

1. Utangulizi

Miongoni mwa taaluma zilizojipatia msamiati mwingi wa Kiswahili kwa muda mfupi ni taaluma ya usalama na afya mahali pa kazi. Sababu zake si ngumu kuziona. Sheria ya viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa na wakaguzi na mameneja. Mfanyakazi wa kawaida hakutazamiwa kuisoma. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 iliyochukua nafasi yake ilivuka mipaka ya kiwanda na kugusa mahali pengi pa kazi, tena ikawatambua wawakilishi wa usalama na afya ambao ni wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Na mnamo Juni 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliyaingiza mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya katika orodha ya kanuni na haki za msingi za wafanyakazi. Kwa hiyo mambo yaliyokuwa yakisemwa kwa Kiingereza ofisini sasa hayana budi kusemwa kwa Kiswahili karakanani, mgodini na bandarini.

Pamoja na hayo limezuka soko la vyeti. Mwajiri anayetaka kumwajiri msimamizi wa usalama hudai cheti. Kijana anayetaka kazi hiyo hutafuta kozi. Na mwalimu au ofisa utumishi huulizwa na vijana hao ni kozi ipi inayofaa. Ada za mitihani ya kimataifa si ndogo, na mara nyingi hulipwa kwa fedha za kigeni. Mtu aliyepotoshwa na neno moja katika tangazo aweza kutumia akiba ya familia kununulia karatasi isiyokuwa na thamani aliyoitarajia. Tena aliyefundishwa kwa istilahi zilizochanganyika aweza kupata cheti hicho na bado asijue la kufanya mbele ya mtambo.

Makala hii inahakiki istilahi chache zitumikazo katika matangazo ya mafunzo, semina na miongozo ya usalama kazini. Vigezo tunavyotumia ni vile vilivyozoeleka katika kazi ya istilahi: usahihi wa dhana, uangavu wa umbo, uwezo wa neno kunyambulika, na kukubalika kwake kwa watumiaji. Nia si kuwalaumu waliotafsiri, kwani wengi wao walitafsiri kwa haraka na bila msaada wowote. Nia ni kuonyesha mahali ambapo neno linamponza mtumiaji wake.

2. Kihatarishi na hatari

Msingi wa elimu yote ya usalama ni kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni chanzo, yaani kitu, hali au tendo lenye uwezo wa kudhuru. La pili ni uwezekano wa chanzo hicho kudhuru kweli, ukipimwa pamoja na ukubwa wa madhara yake. Waya wa umeme uliochubuka ni chanzo. Ukiwa katika chumba kilichofungwa na umeme wake umekatwa, uwezekano wa kumdhuru mtu ni mdogo. Ukiwa juu ya sakafu yenye maji, mahali wanapopita wafanyakazi wa zamu, uwezekano huo ni mkubwa na madhara yake yaweza kuwa kifo. Chanzo hakikubadilika, kilichobadilika ni jambo la pili.

Je, Kiswahili cha kazini kinayaitaje mambo haya? Katika semina na mabango ya usalama neno linalotumika sana kwa chanzo ni kihatarishi: vumbi ni kihatarishi, kelele ni kihatarishi, kemikali ni kihatarishi. Lakini katika ofisi za umma, hasa za fedha na ukaguzi wa ndani, neno hilohilo hutumika kwa jambo la pili. Husemwa usimamizi wa vihatarishi na rejesta ya vihatarishi, na maana inayokusudiwa ni uwezekano wa kupata hasara au kutofikia malengo. Watumishi wa usalama nao, wanapofika katika hatua ya kupima uwezekano na ukubwa wa madhara, huiita hatua hiyo tathmini ya vihatarishi. Hivyo mwanafunzi huambiwa kwanza atambue vihatarishi, kisha atathmini vihatarishi, kisha apunguze vihatarishi, naye hudhani kwamba ametajiwa kitu kimoja mara tatu.

Kosa hili lina matokeo yanayoonekana. Mtu asiyetofautisha chanzo na uwezekano huandika fomu yenye orodha ndefu ya vyanzo, akaamini kwamba tathmini imekwisha. Hajasema ni nani aweza kudhuriwa, kwa namna gani, mara ngapi, na kwa kiasi gani. Orodha hiyo haimwongozi meneja kujua ni lipi la kushughulikiwa leo na ni lipi laweza kungoja hadi mwezi ujao. Katika mafunzo ya kimataifa yatolewayo na bodi ya Uingereza ijulikanayo kama NEBOSH, iliyoanzishwa mwaka 1979, mtahiniwa wa cheti cha jumla hafanyi mtihani wa nadharia pekee. Hutakiwa pia kufanya tathmini katika mahali halisi pa kazi, akionyesha vyanzo, watu wanaoweza kudhuriwa na namna watakavyodhuriwa, hatua zilizokwisha kuchukuliwa na hatua zinazohitajika. Mtahiniwa aliyejiandaa kwa maandishi ya Kiswahili yenye neno moja kwa dhana mbili ameanza safari akiwa na ramani iliyofutika.

Tukilitazama umbo la neno, jibu lipo ndani ya lugha yenyewe. Kutokana na hatari tunapata kitenzi hatarisha, na kutokana na kitenzi hicho tunapata kihatarishi, kama vile rutubisha linavyotupa kirutubishi na unganisha linavyotupa kiunganishi. Kirutubishi ni kile kinachorutubisha. Kiunganishi ni kile kinachounganisha. Basi kihatarishi hakiwezi kuwa kingine ila kile kinachohatarisha, yaani chanzo. Kulitumia neno hilo kwa uwezekano ni kwenda kinyume cha umbo lake. Jambo la pili linabaki na neno mama, hatari, nasi tutasema tathmini ya hatari, kiwango cha hatari, kupunguza hatari. Sentensi moja yatosha kujaribia uamuzi huu: “Kihatarishi ni umeme, hatari ni kubwa kwa kuwa sakafu ina maji.” Msikilizaji hababaiki.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba neno hatari limeandikwa kwenye vyumba vya transfoma pamoja na picha ya fuvu, na kwa wananchi ni neno la tahadhari. Hilo ni kweli, lakini halizuii matumizi tunayopendekeza. Bango lile halitaji kitu. Linamwonya mpitanjia kwamba uwezekano wa kudhurika ni mkubwa. La pili lina uzito zaidi. Kiwango cha kimataifa ISO 45001 cha mwaka 2018 kinalieleza jambo la pili kwa jumla kuwa ni athari ya kukosekana kwa uhakika, na athari hiyo yaweza hata kuwa njema. Hatari njema haisemeki. Hata hivyo kiwango hichohicho kinatoa maana mahususi kwa usalama na afya, nayo ni muungano wa uwezekano wa tukio na ukali wa jeraha au ugonjwa. Kwa maana hiyo mahususi neno hatari latosha. Wahasibu wakihitaji neno pana zaidi, na watafutiwe lao.

3. Usalama wa nani?

Neno usalama lina tatizo la namna nyingine. Kiingereza kina maneno mawili, moja kwa kujikinga na ajali na jingine kwa kujilinda na adui au mwizi. Kiswahili kina moja. Kwa Mtanzania, kumwita mtu ofisa usalama bila kuongeza neno ni kumfanya aangaliwe kwa jicho la mashaka, kwa maana watu hufikiri Usalama wa Taifa. Vilevile tangazo linalosema “mafunzo ya usalama” laweza kuwa la walinzi wa mageti. Hatuoni haja ya kubuni neno jipya. Yatosha kutoliacha neno usalama peke yake: usalama na afya kazini, ofisa usalama na afya kazini, mkaguzi wa usalama na afya kazini. Kwa upande wa pili neno ulinzi lipo na linajitosheleza. Maneno mawili au matatu ya ziada ni gharama ndogo kuliko mwombaji kwenda kwenye usaili usio wake.

4. Cheti, leseni, uthibitishaji na ithibati

Hapa ndipo mchaguzi wa kozi anapopotea zaidi. Neno cheti kwa Kiswahili ni karatasi yoyote inayoshuhudia jambo: kuzaliwa, ndoa, kumaliza shule, kuhudhuria semina ya siku mbili. Upana huo una faida katika mazungumzo, lakini katika taaluma unaficha tofauti zenye thamani ya fedha. Cheti cha mahudhurio kinashuhudia kwamba mtu alikuwapo. Cheti cha umahiri kinashuhudia kwamba alipimwa kwa vigezo vilivyowekwa akafaulu. Tangazo lisemalo “utapewa cheti cha kimataifa” halijasema ni kipi kati ya hivyo viwili.

Tatizo linazidi pale jina la cheti linapofanana na jina la ngazi ya elimu. Katika mfumo wa vyuo vyetu tunazo astashahada, stashahada na shahada, na kila moja ni ngazi inayojulikana. Baadhi ya watafsiri, wanapokutana na cheti cha jumla cha bodi ya kigeni, hukiita astashahada. Hiyo ni tafsiri ya jina bila kuchunguza kilicho nyuma ya jina. Kozi ya majuma mawili yenye mtihani mmoja na kazi moja ya vitendo yaweza kuwa bora sana, lakini si astashahada kwa maana ya vyuo vyetu, na ofisa utumishi anayeiandika hivyo katika jalada amempandisha mtu ngazi kwa kosa la tafsiri. Cheti na kibaki cheti, kikifuatwa na jina la bodi iliyokitoa.

Kuhusu kitendo cha kutoa ushuhuda, maneno yanayogombania nafasi ni kuthibitisha, kuidhinisha, kusajili na kutoa ithibati. Msamiati wa kimataifa wa tathmini ya ulinganifu unaweka mpaka ulio wazi. Chombo huru kinaposhuhudia kwamba bidhaa, mfumo au mtu ametimiza masharti, hilo ni jambo moja. Chombo cha juu yake kinaposhuhudia kwamba chombo hicho cha kwanza kina uwezo wa kufanya kazi hiyo, hilo ni jambo jingine. Kwa jambo la kwanza tunapendekeza uthibitishaji, ambalo limekwisha kuzoeleka katika ubora wa bidhaa. Kwa jambo la pili tunapendekeza ithibati, na litumike kwa vyombo tu.

Tunajua kwamba pendekezo hili linakabiliana na mazoea. Sheria ya huduma za habari ya Tanzania ya mwaka 2016 iliunda chombo kinachoitwa kwa Kiswahili Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na wanaopewa ithibati hiyo ni watu. Hatudai kwamba jina la bodi libadilishwe. Tunasema tu kwamba katika fani ya usalama kazini, ambamo ngazi zote mbili zipo pamoja, kulitumia neno moja kwa ngazi zote ni kumnyima mnunuzi swali analopaswa kuuliza. Atakapoambiwa “kozi yetu ina ithibati”, awe na haki ya kuuliza: ithibati kutoka kwa nani, na ya kufanya nini?

Kuna tahadhari moja kwa watumishi wa umma. Katika utumishi, kuthibitishwa kazini ni kumaliza kipindi cha majaribio. Ukiandika “mtaalamu wa usalama aliyethibitishwa”, msomaji wa serikalini atadhani mtumishi huyo amekwisha kupokea barua yake ya kuthibitishwa. Kwa hiyo, pale anapohusika mtu, ni heri kusema “mwenye cheti cha umahiri”, na kitenzi kuthibitisha kiachiwe mifumo na bidhaa.

Mfano wa ISO 45001 unaonyesha uzito wa jambo hili. Kiwango hicho ni cha mfumo wa usimamizi. Kinachothibitishwa ni taasisi. Shirika lililokiandika kiwango halitoi vyeti kabisa. Vyeti hutolewa na vyombo vingine vya uthibitishaji. Kwa hiyo mtu asemaye “nina cheti cha ISO 45001” ama ana cheti cha mafunzo kuhusu kiwango hicho, ama cheti cha ukaguzi wa mifumo, ama hajui alicho nacho. Kiswahili chetu kinapaswa kumlazimisha aseme kipi. Leseni nayo iwekwe mahali pake: ni ruhusa itolewayo kwa mujibu wa sheria. Kampuni yaweza kuwa na uthibitisho wa ISO 45001 na bado ikahitaji leseni na usajili wa nchi inapofanyia kazi.

5. Kifupisho kimoja, maana tatu

Kifupisho OSHA kinastahili kutajwa peke yake. Nchini Marekani ni idara ya serikali iliyotokana na sheria ya mwaka 1970. Nchini Tanzania ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001. Nchini Kenya herufi hizo ni kifupi cha sheria yenyewe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Basi “cheti cha OSHA” kinaweza kuwa mambo matatu, au lisiwepo lolote kati yake. Kadi za Marekani za mafunzo ya saa 10 na saa 30, ambazo huuzwa hata kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ni ushuhuda wa kuhudhuria mafunzo ya awali, na idara yenyewe husema wazi kwamba si uthibitisho wa utaalamu. Kadi hiyo haimpi mtu mamlaka yoyote Mwanza wala Mombasa. Mtafsiri anapokutana na kifupisho hiki, aandike jina kamili na jina la nchi.

6. Maandalizi ya mtihani

Mtu akishachagua cheti, hujiandaa. Hapa walimu wana kazi. Mitihani ya kitaaluma ya Kiingereza hutofautisha amri: kutaja tu, kutaja kwa muhtasari, kueleza sifa za kitu, na kutoa sababu zake. Kila amri ina alama zake. Katika karatasi zetu nyingi neno eleza limebeba amri mbili za mwisho kwa pamoja, na mwanafunzi aliyezoea hivyo hueleza mtambo ulivyo pale alipotakiwa kusema kwa nini mtambo unadhuru. Tunapendekeza taja kwa kutaja, dokeza kwa muhtasari, elezea kwa sifa, na fafanua sababu kwa sababu. Neno ainisha lisitumiwe kwa maana ya kutaja, kwani kuainisha ni kupanga kwa aina.

Istilahi nyingine mbili huwatatiza watahiniwa. Ya kwanza ni ajali. Asili yake ya Kiarabu ni muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu kufikwa, na harufu hiyo haijatoka: tunasema ajali haina kinga. Taaluma ya usalama imejengwa juu ya imani iliyo kinyume, kwamba ajali ina chanzo na chanzo huzuilika. Hatuwezi kulitupa neno ajali, wala hatuna sababu. Lakini mwalimu asilifundishe bila kulifuatanisha na neno chanzo, la sivyo uchunguzi wa ajali utaishia katika “ilikuwa amri ya Mungu” na mashine itabaki bila kizuizi chake. Kwa tukio ambalo lingeweza kudhuru lakini halikudhuru, wengine wameandika “karibu ajali”, tafsiri isiyo na umbo la Kiswahili. Neno nusura lipo, na undugu wake na kitenzi nusuru unaleta wazo la kuokoka. Tukio la nusura litamfaa mfanyakazi kuripoti, kwa kuwa ndivyo anavyosema mwenyewe: nusura nianguke.

Ya pili ni vifaa kinga binafsi. Neno binafsi limetafsiriwa neno kwa neno, nalo kwa Kiswahili huashiria mali ya mtu mwenyewe. Kibarua aweza kuambiwa kofia ngumu na buti ni vifaa vyake binafsi, hivyo avinunue. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema kinyume: hatua za usalama na afya zisimtoze mfanyakazi gharama yoyote. Istilahi isiwe wakili wa mwajiri mkwepaji. Vifaa vya kujikinga ni istilahi kamili, angavu, na haimpi mtu mali asiyoidai.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya:

(a) Kihatarishi litumike kwa chanzo. Hatari kwa uwezekano wa madhara na ukubwa wake.
(b) Usalama lisisimame peke yake katika fani hii.
(c) Cheti cha mahudhurio kitengwe na cheti cha umahiri, na vyote viwili vitengwe na astashahada.
(d) Uthibitishaji uwe wa mifumo na bidhaa, ithibati iwe ya vyombo, na leseni iwe ruhusa ya sheria.
(e) Kila kifupisho cha taasisi kifuatwe na jina kamili na nchi yake.
(f) Tukio la nusura na vifaa vya kujikinga vichukue nafasi ya tafsiri za neno kwa neno.

Mapendekezo haya yakikubaliwa, mwalimu atakayeulizwa na kijana kuhusu kozi ataweza kumpa maswali manne kwa Kiswahili safi: Cheti hiki ni cha mtu au cha taasisi? Ni cha mahudhurio au cha umahiri? Nani anakitoa, na ana ithibati ya nani? Je, sheria ya nchi ninayotaka kufanyia kazi inakidai, au inadai leseni nyingine? Kijana akipata majibu manne, fedha zake zitakuwa salama zaidi kuliko akisoma matangazo kumi.

Inabaki kazi ya kuyajaribu maneno haya yanapotumika. Wakaguzi, walimu wa ufundi, na hasa wawakilishi wa usalama na afya katika viwanda na migodi ndio watakaojua kama kihatarishi na hatari zinatengana kweli midomoni mwa watu au zinatengana katika karatasi tu. Maoni yao yaletwe kabla maneno hayajaingia katika kanuni na mitaala, kwa sababu neno likishaingia humo huchukua miaka mingi kulitoa.